Shangazi wa Ng'ambo

Vellimadai, 12 Novemba 2018

Kwako Shangazi Vadivu,

Hapa nyumbani sote tu wazima, na habari tunayoingoja ni ya uzima wako. Nimeandika "tunayoingoja" kwa adabu tu. Ukweli ni kwamba tunaoingoja ni mimi na Bibi, maana wengine hawajui kama nakuandikia.

Mimi ni Malarvizhi, binti wa kaka yako Shanmugavel. Nilizaliwa mwaka mmoja baada ya wewe kuondoka, kwa hiyo hatujawahi kuonana. Nyumbani hutajwi. Nilipokuwa mdogo niliokota picha ya wasichana wanne wa chuo cha uuguzi, nikamuuliza Mama yule mwenye meno makubwa ya mbele ni nani. Alininyang'anya picha akanituma nikachambue dengu. Bibi ndiye aliyenitajia jina lako baadaye sana, na anwani hii nimeitoa kwenye bahasha uliyotuma Babu alipofariki. Bibi ameificha miaka yote ndani ya mto wake wa kulalia. Sijui kama bado unaishi hapo Maskati.

Bibi ana miaka sabini na tisa, anaona kwa jicho moja, masikio yapo sawa kuliko tunavyopenda. Mama anasumbuliwa na magoti. Baba sasa ni mwalimu mkuu, na bado anasimama getini kila asubuhi kukagua kucha za wanafunzi.

Haja yangu ni hii. Mimi ni daktari katika kituo cha afya hapa jirani, nataka kusomea ubingwa wa watoto. Mtihani wa nchi nzima nimeufanya mara mbili, na mara zote mbili nimepata alama za kusifiwa lakini si za kupata nafasi. Vyuo vya binafsi vina fungu la nafasi walizotengewa walio ng'ambo na ndugu zao. Kwa alama zangu, huko ningeingia. Ila lazima pawe na mdhamini anayeishi nje, naye awe ndugu wa damu wa karibu: mzazi, ndugu wa kuzaliwa, au ndugu wa baba au wa mama. Binamu hatoshi. Katika ukoo wetu mzima aliyevuka bahari ni wewe peke yako. Ada isikutie wasiwasi, Mama ameshauza shamba la mpunga alilopewa kwao. Ninachoomba ni jina lako na saini yako.

Mwezi wa nane nililetewa kichanga wa siku tisa, anatetemeka mwili mzima. Bingwa wa karibu yuko mbali, tukampakia kwenye gari, akanifia mapajani tukiwa nusu ya njia. Mama yake hakulia. Aliniuliza, "Daktari, wewe hukusomea hawa wadogo?" Tangu siku ile sina amani.

Baba amesema mtihani wa Januari ni wa mwisho. Baada ya hapo kuna watu wa Madurai wanakuja kuniposa, na mama mkwe mtarajiwa ameshatangaza kwamba nyumba yake haihitaji daktari, inahitaji mkwe.

Ukijibu, tumia anwani ya kituo cha afya, si ya nyumbani.

Mtoto wa kaka yako,
Malarvizhi

*

Maskati, 9 Desemba 2018

Malarvizhi mwanangu,

Barua yako ilikaa siku nne juu ya jokofu kabla sijaifungua. Niliona muhuri wa posta nikajua kuna aliyekufa, maana huko kwetu sikuzoea kuandikiwa jambo jingine. Nashukuru ni ombi tu.

Mimi mzima. Mgongo unauma, ni mgongo wa wauguzi wote. Huku wanasema baridi imeingia, maana yake tumeacha kuungua. Meno ya mbele bado makubwa. Mwambie wifi yangu Sivakami asikalie kigoda kifupi akipika, aweke jiko juu. Najua wewe ni daktari na umeshamwambia, lakini mama gani anamsikiliza binti yake?

Jibu ni ndiyo. Nakala ya pasipoti na ya kibali cha kuishi zimo humu, na hati ya ubalozi nitaifuatilia. Sina mtu mwingine wa kumdhamini. Hatukujaliwa mtoto.

Lakini ujue unamwomba nani. Nilipoolewa na Arokyam, Mkristo, mtoto wa wavuvi, baba yangu na kaka yangu walishuka mtoni wakazamisha vichwa, kama mtu anavyooga akitoka kuchoma maiti. Kwetu hivyo ndivyo anavyozikwa aliye hai. Habari niliipata kwa watu, mimi mwenyewe sikuwapo. Maiti haalikwi. Baba nimeshamsamehe, alikuwa mtu wa zamani na alikufa na uzamani wake. Kaka yangu alikuwa na miaka ishirini na minane, na ndiye aliyenifundisha baiskeli. Huyo mpaka leo sijui nimfanye nini.

Usiniombe namba ya simu. Sauti za watu wa nyumba moja hufanana, nami sijawa tayari kumsikia Shanmugavel ndani ya koo lako. Tuandikiane. Na kuhusu mume wangu usiniulize kwa sasa.

Bibi yako nimwambie nini? Mwambie mto wake umefanya kazi.

Vadivu

*

Vellimadai, 16 Januari 2019

Shangazi yangu,

Salamu nyingi za sikukuu ya mavuno. Jana tumepika wali wa maziwa uani, chungu kikafurika upande wa mashariki, Bibi akasema ni dalili njema. Mwaka jana kilifurika upande huohuo na nikafeli, lakini sikumkumbusha.

Barua yako namsomea kila nikitoka kazini. Ameshaijua kwa moyo, nikiruka neno ananirudisha. Anasema ule samli, uti wa mgongo unataka samli. Halafu ananiuliza, "Hakuuliza juu yangu?" Namwambia umeuliza. Ananiambia nisome tena hapo ulipouliza.

Mtihani nimeufanya. Safari hii nilitoka nikiwa na njaa, na siku zote nilipofeli nilitoka nikiwa na kichefuchefu, kwa hiyo nina matumaini.

Sasa la uchungu. Nilimwambia Baba. Nilifikiri heri ajue mapema. Alikuwa anakula, nikasema, "Baba, nimempata mdhamini."

"Nani?"

"Shangazi Vadivu."

Akaliweka tonge chini. "Umempata wapi?"

"Yuko Maskati."

"Sikuulizi yuko wapi. Nauliza umempata wapi, katika nyumba hii."

Bibi akajibu kutoka kitandani kwake, "Kwenye mto wangu. Na usimfokee mtoto, nifokee mimi."

Baba akanawa mkono, chakula kikabaki kwenye jani la mgomba. Mama akaja kuliondoa jani. Baadaye nilimfuata Baba barazani. Akasema, "Hiyo njia iache. Tutatafuta nyingine."

"Njia gani nyingine, Baba? Hakuna nyingine."

"Mwalimu akisema iache, unaiacha."

"Wewe si mwalimu wangu, wewe ni baba yangu."

Tangu siku ile anatoka nyumbani kabla sijaamka. Mtu mwenye kiburi kiasi hiki sijawahi kumwona. Anaona heri nikose nafasi kuliko jina lako na lake yakae kwenye karatasi moja. Naomba umwandikie wewe. Labda kwako atalegea.

Malar

*

Maskati, 10 Februari 2019

Malar mwanangu,

Nimeanza kula samli. Mwambie mama yangu. Mwambie pia kwamba nauliza juu yake: jicho, usingizi, na kama bado anatafuna tambuu kwa siri akidhani hanuki.

Kumwandikia baba yako sitamwandikia. Nilishafanya hivyo mwaka 2006, siku niliyosikia Baba amefariki. Sikudai chochote. Niliomba tu kuambiwa siku ya kumi na sita ya msiba itaangukia lini, nami nipike wali niwape kunguru wamfikishie marehemu, kama binti yeyote. Hakuna aliyenijibu. Huwezi kunitaka nigonge tena mlango uleule.

Ila kuna kitu umekosea. Shanmugavel hana kiburi. Babangu alikuwa nacho cha kuwatosha wote. Kaka yangu tangu utoto akiona aibu hukasirika, na akiogopa hunyamaza. Ukimwona anakataa bila kueleza, ujue anaogopa. Sijui anaogopa nini.

Hati ya ubalozi ndiyo hii, na kiapo changu kwamba nitakuhesabu kama mtoto wangu. Karani wa pale aliniuliza, "Huyu ni nani wako?" Nikamwambia mtoto wa kaka. "Mnapendana sana?" Nikamwambia hatujaonana. Akagonga muhuri. Kulikuwa na sehemu ya kuandika habari za mume. Niliandika marehemu. Ni mwaka wa tatu sasa tangu Arokyam anitoke. Huko hakukuwa na mtu wa kumpelekea habari hiyo, kwa hiyo wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Fanya mambo yako upesi. Uwe ni mwaka huu huu.

Vadivu

*

Vellimadai, 3 Machi 2019

Shangazi,

Pole sana kwa Mjomba Arokyam. Sijui kama nina haki ya kumwita hivyo. Bibi alipoambiwa aligeukia ukutani, hakula siku nzima, kisha akaniuliza ni nani aliyekaa nawe siku zile.

Matokeo yametoka. Nimepata alama za kutosha kwa fungu la ng'ambo, Shangazi, na zikabaki. Kilichobaki ni cheti cha ukoo tu, kutoka kwa karani wa kijiji, cha kuonyesha mimi na wewe tunakutania wapi. Hapo pana tatizo dogo la kiofisi, si la kukusumbua kichwa.

Nimeambatisha kiapo kipya. Tia saini ukurasa wa mwisho na ukirudishe kwa njia ya haraka. Mwisho wa kupeleka karatasi ni tarehe kumi Mei. Huna haja ya kukisoma chote, ni maneno ya mawakili tu.

Malar

*

Maskati, 20 Machi 2019

Malarvizhi,

Hongera kwa alama. Nilinunua halua ya hapa nikala peke yangu kwa furaha. Si kama ya kwetu, lakini imeteleza.

Nimekisoma. Muuguzi aliyefanya kazi miaka ishirini na saba hatii saini asichokisoma, wenzangu wamefungwa kwa hilo. Ukurasa wa pili unasema mimi ni dada wa mama yako. Unasema baba yangu ni baba yake Sivakami, mzee ambaye katika maisha yangu nilimwona mara moja, kwenye harusi, amelewa.

Sijatia saini. Kwanza niambie kwa nini. Usinifiche kitu wewe mtoto. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hilo wewe na mimi tunaliona kila siku kazini.

Vadivu

*

Vellimadai, 2 Aprili 2019

Shangazi,

Nimekaa na barua yako siku tano. Kalamu naishika naiweka.

Nilikwenda kwa karani wa kijiji mwisho wa Februari. Ni kijana mstaarabu, mwanafunzi wa zamani wa Baba, akaniagizia chai. Nikamwambia nataka cheti cha ukoo: Babu Ponnusami, Bibi, watoto wao wawili, Shanmugavel na Vadivu. Akafungua daftari la zamani. Akasoma, akarudia kusoma, akafunga mlango wa ofisi.

"Daktari," akasema, "una hakika na huyu wa pili?"

"Nina barua yake mkobani."

"Basi soma mwenyewe."

Ni cheti cha warithi wa Babu, cha mwaka 2006. Kinasema marehemu Ponnusami ameacha mjane mmoja na mtoto mmoja wa kiume. Chini yake: binti, Vadivu, alifariki mwaka 1992, hakuacha mume wala mtoto. Kuna saini ya Baba, na majirani wawili mashahidi. Kuna alama ya kidole gumba cha Bibi. Nikaangalia tarehe. Barua yako ya kuulizia siku ya kumi na sita ilikuwa imefika nyumbani wiki mbili kabla.

Kijana akaniambia kwa upole kwamba kuna njia mbili. Baba aje aape kwamba aliapa uongo, na hapo yeye karani hana budi kupeleka taarifa juu. Mwalimu mkuu aliyeiapia serikali uongo, Shangazi, unajua atakavyofanywa. Au twende upande wa mama, ambako daftari ni safi na watu wamekufa. Kuna bwana mjini anatengeneza karatasi hizo kila mwaka kwa watu wa fungu hili la ng'ambo, na hakuna anayeuliza.

Nilimkabili Baba. Mara hii hakuondoka. Alisema, "Babu yako aliniapisha kitandani kwake. Alisema, 'Kichwa changu kimeoga kwa ajili ya Vadivu, usimrudishe kwenye karatasi.' Na mimi nilikuwa nimeoga pia." Nikamuuliza, "Barua yake uliisoma?" Akasema, "Niliisoma." Halafu akasema jambo ambalo sikutaka kukuandikia, lakini umesema nisikufiche. Alisema, "Ilikuwa rahisi, Malar. Hicho ndicho kinachonitisha. Niliandika na mkono haukutetemeka."

Bibi anasema alipewa wino akaambiwa weka hapa, hakuambiwa ni nini. Namwamini. Sijui kama namwamini.

Shangazi, nakuomba. Najua ni uongo juu ya uongo. Lakini uongo wa kwanza ulikunyima wewe, huu wa pili haumnyimi mtu, na mimi nitapata kuwashika wale wadogo nikijua ninachofanya. Ni saini moja tu. Nimepiga magoti kwenye karatasi hii.

Malar

*

Maskati, 17 Aprili 2019

Malar mwanangu,

Salamu leo nakupa fupi. Ni mzima, sina homa.

Niliposoma kwamba nilifariki 1992 nilicheka. Nilikwenda kazini nikawaambia wenzangu, nesi marehemu ameingia zamu. Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye sakafu ya bafu, na hapo sikucheka.

Mimi ardhi siitaki, wala nyumba. Hilo mwambie baba yako, akalale. Ningekuwa naitaka ningeshakuja zamani na wakili. Na mkono wa Mama nausamehe, aliwekewa wino na mwanawe, angefanyaje.

Kiapo sikitii saini.

Nisikilize. Nilipewa vitu vichache kwetu, na karibu vyote vimechukuliwa. Kimebaki kimoja tu, kwamba mimi ni binti wa Ponnusami, yule mkali, na wa mama yangu. Waliniua nikiwa na jina hilo, basi angalau walimuua binti yao. Wewe sasa unaniomba nilivue mwenyewe, kwa mkono wangu, nivae la mlevi wa kijiji cha pili. Kaburi nimelizoea. Kuwa mtoto wa watu wengine siwezi, hata kwa ajili yako, na wewe ndiye mtu wa kwanza wa nyumba ile kuniita shangazi.

Mwambie baba yako aende kwa karani. Bado kuna siku ishirini na tatu.

Utanichukia. Nichukie, una haki.

Vadivu

*

Vellimadai, 23 Mei 2019

Shangazi,

Nimenyamaza mwezi mzima kwa makusudi. Nilikuwa nakuchukia, kama ulivyoniruhusu.

Baba hakwenda kwa karani. Barua yako niliiweka juu ya vitabu vyake, akaisoma, na kila asubuhi nilimwona akivaa shati jeupe kama anayekwenda, halafu anakwenda shule. Tarehe kumi ikafika ikapita. Nafasi yangu imechukuliwa na mtu mwingine, natumai anawapenda watoto. Watu wa Madurai wamekuja, wamekunywa kahawa, wameridhika. Harusi ni mwezi wa tisa.

Sasa pokea, Shangazi, na ukae chini kabla hujaendelea. Bibi amefariki. Ni tarehe kumi na nne, asubuhi, baada ya kunywa uji. Hakuteseka. Nilikuwa nimemshika. Nilitafuta kila njia ya kukufikia siku ileile. Kupitia nakala ya kibali chako nilipata namba ya zahanati unakofanya kazi, nikapiga, aliyepokea akasema hapo hakuna muuguzi wa jina hilo. Labda hakunielewa. Siku ya kumi na sita itaangukia tarehe ishirini na tisa. Naituma hii kwa njia ya haraka kuliko zote.

Kuna moja zaidi. Akifa mtu hapa, karani lazima aulize warithi. Jana Baba aliniambia nimsindikize. Nilikaa nyuma yake. Yule kijana akashika kalamu.

"Mwalimu, marehemu ameacha watoto wangapi?"

"Wawili."

Kijana akamtazama, akanitazama mimi. "Wawili?"

"Andika. Shanmugavel, wa kiume. Vadivu, wa kike, miaka hamsini, yuko hai, anaishi Maskati."

"Mwalimu, hapa kwenye daftari..."

"Hapo niliandika uongo. Mimi niliyekufundisha wewe kusoma. Andika wawili."

"Nikiandika lazima nipeleke juu."

"Peleka."

Aliandika. Mkono wa Baba ulipotia saini ulitetemeka mpaka akashindwa, nikamshikia karatasi. Leo imeshafika barua ya kumtaka ajieleze, na shule amekabidhi kwa msaidizi wake. Nakala ya cheti nimeiweka humu. Una muhuri, una namba, u hai.

Nitakuambia ninavyojisikia, maana nimechoka kuficha. Kwa ajili ya mama yake aliyekufa ameweza, kwa ajili yangu niliye hai hakuweza. Siku kumi na mbili tu, Shangazi. Nililia pale ofisini, na Baba akadhani namlilia Bibi.

Mtihani wa mwakani naweza kuufanya. Baba amesema kama utakubali kunidhamini tena, atawarudisha watu wa Madurai kwao, hata kwa aibu. Cheti sasa ni cha kweli. Naomba uniambie kama utakubali.

Malar

*

Maskati, 3 Juni 2019

Malar mwanangu,

Ilifika jana. Siku ya kumi na sita ilikuwa imepita. Nimepika wali leo, nikaumwaga kwenye paa, kunguru wa hapa hawana adabu lakini walikula. Mama yangu nimemlilia kwa sauti mpaka jirani akagonga. Nashukuru ulimshika. Nashukuru ilikuwa mikono ya daktari, na ya mtoto wetu.

Cheti nimekisoma mara nyingi. Nimegusa ule mstari kwa kidole. Saini ya kaka yangu ni mbaya kama ya mtoto wa darasa la kwanza, na sijawahi kupokea kitu kizuri zaidi kutoka kwake.

Sasa na mimi niseme nililokunyima. Aliyepokea simu alikuelewa vizuri. Barua yako ya kwanza na barua ya kuachishwa kazi zilinifikia wiki moja. Zahanati inaajiri wauguzi wa hapahapa, sisi wageni mkataba wetu uliisha mwisho wa Aprili. Kibali changu cha kuishi kinakwisha tarehe thelathini ya mwezi huu. Ndiyo maana nilikuambia uwe ni mwaka huu huu. Mwakani sitakuwa jamaa wa ng'ambo wa mtu yeyote, Malar. Nilijua hivyo nilipokataa kile kiapo. Nilijua ndiyo nafasi yako ya mwisho kwangu, nikakataa, na sikukuambia ili usinishinde kwa machozi. Baba yako aliogopa, mimi nilijipenda. Umeonewa na ndugu wawili, si mmoja. Sikuombi unisamehe upesi.

Harusi ile usiende kwa kuwa umechoka tu. Mtihani ufanye, kwa mlango wa wote, na ukifeli ufanye tena. Mimi nitakuamsha usome. Hilo naliweza.

Lakini hapo pana neno la kuuliza, na nimezunguka karatasi nzima kabla ya kulifikia. Nina sanduku moja na mgongo mbovu. Nyumba ya Arokyam pwani waligawana ndugu zake. Namba yangu ya simu nimeiandika nyuma ya bahasha, maana barua nyingine haitawahi. Muulize Shanmugavel, na umuulize mbele ya Sivakami, asipate pa kujificha. Mwambie dada yake anarudi, udhamini wa kumpa mtu hana, kibali hana, wala kazi hana. Mwambie anauliza kama aje hivyohivyo. Tiketi bado sijaikata.

Vadivu, binti wa Ponnusami